Kasongo – Kabambare: Wanaosema Jupiter na Okwess wanaharibu muziki wa Kongo waangalie kwanza ngoma zao wenyewe

Mabishano yamerudi pale vijana wanapochajisha simu, pembeni ya soko la Kasongo. Mmoja anafunga simu yake kwenye bafle ndogo, anapiga wimbo wa Jupiter na Okwess, na papo hapo watu wanagawanyika. Wa kwanza anaomba sauti iongezwe. Wa pili anataka kelele hizo zizimwe, iwekwe rumba. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni mzee aliyekuja kungojea batri ya redio yake ijae, anasema ngoma ya kweli haina umeme, na kwamba watoto wa Kinshasa wamechukua vitu vya wahenga wakavitia ndani ya rock ya Wazungu, sasa si ya huku wala ya kule.

Watu wanacheka, wanasahau, kesho wanarudia. Lakini ndani ya mabishano hayo kuna jambo linalogusa moja kwa moja jamaa zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare, ambazo leo zinalala kwenye nyumba za watu. Na hoja ya yule mzee, pamoja na heshima yote ya mvi zake, si ya kweli. Inafaa ijibiwe wazi, sababu ikiachwa hivi hivi itafunga mlango ambao haukupaswa kufungwa.

Kwanza, Jupiter ni nani. Jupiter Bokondji ni mtoto wa mwanadiplomasia na mjukuu wa bibi mganga. Akiwa mdogo alikuwa akipiga ngoma kwenye shughuli za bibi yake. Baba alipotumwa Berlin ya Mashariki katika miaka ya 1970, kijana akaenda naye, na huko akapiga rock na wenzake katika bendi, akiiingizia midundo ya Wamongo. Aliporudi Kinshasa alikuta jiji zima limemezwa na rumba. Yeye akaenda kwenye matanga. Kinshasa imejaa watu wa kila jimbo, na mtu akifa, watu wa kwao wanakuja kumlilia kwa ngoma za kwao. Jupiter akakaa pale, tanga baada ya tanga, akisikiliza jinsi kila kabila linavyolia. Mwaka 1983 akaanzisha Bongofolk, mwaka 1990 akaanzisha Okwess. Hakuna aliyemtajirisha. Ilipita miaka mingi, filamu ya Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, ikatoka mwaka 2006 ikionyesha maisha yake na ya wanamuziki wenzake wa Kinshasa, na mwaka 2013 tu ndipo dunia ikapata Hotel Univers mkononi. Miaka ishirini na mitatu tangu Okwess ianze. Huyo si mtu aliyekimbilia mtindo wa Wazungu ili apate visa.

Na neno lake kubwa, lile analorudia kila anapoulizwa, ni hili: Kongo ina makabila zaidi ya 450, kila moja na midundo yake, kwa nini inchi nzima iimbe mdundo mmoja? Swali hilo ni la Kinshasa, lakini lingepaswa kuulizwa hapa kwanza. Mbangubangu, Mbuyu, Mzimba, Mkusu, nani kati yao anasikia mdundo wa kwao kwenye redio juma hili?

Sasa turudi kwa mzee na ngoma yake isiyo na umeme.

Anaposema rumba ndiyo muziki safi wa Kongo, na hii ya Jupiter ni ya kuchanganya, anasahau rumba ilitoka wapi. Diski za Cuba ziliingia Léopoldville kwa meli tangu miaka ya 1930. Watu wakazisikiliza, wakakuta humo kitu cha babu zao waliochukuliwa utumwani, wakakirudisha kwa gita, kwa Kilingala, kwa lugha nyingine. Gita halikuota kwenye mti wa Kongo. Wendo Kolosoy alipotoa Marie-Louise mwaka 1948 pamoja na Henri Bowane, alikuwa anachanganya. Grand Kallé na African Jazz walipopiga Indépendance Cha Cha kule Bruxelles mwaka 1960, jina lenyewe linasema, cha-cha ni ya Cuba. Zaïko Langa Langa ilipozaliwa mwishoni mwa mwaka 1969, vijana wale waliondoa tarumbeta, wakaweka mbele gita na ngoma ya kizungu, na wazee wa wakati ule walisema hivyo hivyo: kelele. Leo wazee hao hao, ao watoto wao, wanalia machozi wakisikia Zaïko ya zamani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 UNESCO ikaiandika rumba kuwa urithi wa dunia, kwa jina la Kongo zote mbili. Kitu kilichochanganywa kikawekwa muhuri. Kwa hiyo mtu wa Kasongo asimwambie kijana kwamba kuchanganya ni uchafu. Aseme kwamba yeye amezoea mchanganyiko wa zamani, na kwamba ule mpya unamchosha masikio. Hiyo ni haki yake, na hakuna atakayebishana naye.

Na Kasongo hasa! Mji huu, ambao lugha yake yenyewe ililetwa na misafara kutoka pwani, ambamo dufu la maulidi linasikika upande mmoja na kwaya ya paroki upande mwingine siku hiyo hiyo. Zeze, lile linalopigwa na wazee wachache waliobaki, lilisafiri na misafara ile ile, likaingia bara, likapata nyimbo za bara. Hakuna mzee anayesema leo kwamba zeze ni la kigeni. Limekaa, limekuwa la hapa. Kama babu angesikiliza hoja ya mjukuu wake wa leo, zeze lingerudishwa Zanzibar.

Halafu ile ya kelele. Wale wanaolalamika wanadhani sauti ya kukwaruza, ile ya gita lililopasuka, ni ugonjwa uliotoka Uingereza. Wasikilize Konono N°1. Mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa na likembe na muziki wa Wazombo wa mpakani na Angola. Katika Kinshasa, kati ya magari na baa na watu mamilioni, likembe haisikiki. Basi akaifanyia mikro yake mwenyewe kwa sumaku za vyuma vya magari yaliyokufa, akaiunganisha na amplifaya na zile pembe kubwa za kutangazia. Sauti ikatoka na mikwaruzo. Hakuirekebisha. Kwa nini airekebishe? Likembe ya kijijini ina pete ndogo za chuma kwenye vijiti vyake, na kazi ya pete hizo ni kukwaruza tu. Wahenga waliitaka ile mikwaruzo. Sauti safi kama maji ya chupa ni matakwa ya watu wengine. Mwaka 1978 mtu wa redio ya Ufaransa alirekodi muziki huo Kinshasa, kisha zikapita zaidi ya miaka ishirini kabla Vincent Kenis, Mbelgiji, hajaitoa albamu Congotronics mwaka 2004. Wapenzi wa rock wa Ulaya na Marekani waliposikia, walifikiri ni kitu cha kesho. Kumbe ilikuwa ni likembe ya babu na umeme wa batri.

Kuna kisa kimoja ambacho vijana wa Kasongo wanakipenda sana, na wana haki. Mwaka 2011 Konono N°1 na Kasai Allstars walikutanishwa na bendi za rock ya majaribio, kati yao Deerhoof ya San Francisco, pamoja na Juana Molina wa Argentina na wengine. Watu karibu ishirini jukwaani, nusu Wakongo, nusu wageni, wakazunguka matamasha ya Ulaya mpaka Japani. Katika mazoezi, wale wageni, mabingwa kwao, watu wanaoandikwa kwenye magazeti kwa ujuzi wa midundo, walipotea. Hawakujua pigo la kwanza liko wapi. Wakawa wanauliza kila mara: moja iko wapi? Swali hilo likawa jina la albamu iliyotoka mwaka 2022, Where's the One? Mtu asome vizuri hapo. Siku hiyo mwanafunzi alikuwa Mmarekani.

Kasai Allstars wenyewe wangepaswa kuwa karibu zaidi na roho ya watu wa huku kuliko Jupiter. Ni wanamuziki kama ishirini na watano kutoka makundi ya makabila matano, na kati yao kuna Wasongye na Watetela. Mkusu wa Kasongo akimsikia Mtetela anaimba, hahitaji mtu wa kumfasiria kila neno. Wana ngoma za mti, marimba, likembe za umeme na gita, na albamu zao za 2008 na 2021 zina majina marefu kama methali nzima. Watu hawa walikutana Kinshasa, mbali na vijiji vyao, kila mmoja na kitu chake, na hakuna kabila lililomeza jingine. Kasongo leo kuna Mbangubangu, Mbuyu, Msikasingo, Mbembe kutoka upande wa Fizi, wote kwenye kartie moja, wanachota maji kwenye chanzo kimoja. Hakuna aliyewahi kuwaweka kwenye kivuli kimoja na kuwaambia: kila mmoja apige ya kwao, halafu tuone.

Hapa mpinzani wa pili anaingia, na huyu ana hoja nzito kuliko mzee. Anasema: muziki huu ni wa kuuzia Wazungu. Anayeutengeneza ni Mbelgiji, ao Mfaransa, ao yule Liam Farrell, Muailandi wa Paris anayeitwa Doctor L, aliyetengeneza From Kinshasa ya Mbongwana Star mwaka 2015. Diski zinauzwa London na Bruxelles. Katika baa za Kinshasa hazipigwi. Nani anafaidika?

Asibezwe. Kuna ukweli. Ukisikiliza From Kinshasa mara mbili tatu, unasikia kwamba mkono wa fundi ni mzito. Coco na Theo, wazee waliotoka Staff Benda Bilili, watu waliojenga jina lao kwa sauti zao wakiwa kwenye baiskeli za walemavu, mara nyingine sauti zao zimezikwa chini ya vumbi la mashine. Kuna vijana wanaosema ndiyo albamu bora kuliko zote zilizotoka Kongo. Hapana. Ni albamu ya ajabu, lakini Très Très Fort ya Staff Benda Bilili, ya mwaka 2009, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nje, kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, inawaacha watu wenyewe waongee, na satonge ya Roger Landu, kopo moja na waya mmoja, inakata kuliko gita lolote la umeme. KOKOKO! nao, Fongola ya 2019, wana ujasiri wa kupiga taka za jiji kama vyombo, lakini nyimbo nyingine zinaenda moja kwa moja kwenye disko za Ulaya na kubaki huko. Mtu anaruhusiwa kuupenda muziki na kusema pale unapokosea.

Lakini mpinzani akimaliza hoja yake, aulizwe kitu kimoja. Kama Mbelgiji ndiye aliyekuja kumtafuta Mingiedi, Mkongo mwenye studio, mwenye redio, mwenye televisheni, alikuwa wapi miaka ile yote? Alikuwa anangojea mabanga. Kila mtu wa Maniema anajua libanga ni nini: tajiri, mwanasiasa, mwenye kontwari ya zahabu anatoa feza, jina lake linaitwa ndani ya wimbo. Wimbo wa dakika nane, majina arobaini. Wanaosema Jupiter amejiuza kwa Wazungu wanacheza kila jumamosi nyimbo zilizouzwa neno kwa neno, jina kwa jina, na hawasikii uchungu wowote. Na ugonjwa huo umefika mpaka kwenye antena ndogo za mikoa, ambako wimbo wa aliyelipa unapita mara sita kwa siku, na wimbo wa mama aliyetoka kijijini haupiti hata mara moja, sababu mama huyo hana bahasha. Mzungu hakuwafundisha hilo.

Tena mabishano ya kweli kati ya wapenzi wa Jupiter si hayo. Ni juu ya albamu. Wako wale wa Hotel Univers, ambao kwao mambo yalikwisha mwaka 2013: gita kavu, ngoma mbele, Bapasi inaingia na kila mtu anasimama. Wako wale wa Kin Sonic ya 2017, ambayo Damon Albarn na Warren Ellis wa Australia wanasikika ndani, na ambayo ndiyo rock kabisa. Ofakombolo ikipigwa kwa bafle nzuri, kibanda cha mabati kinatetemeka. Na wako wale wa Na Kozonga, ya 2021, iliyotengenezwa na Mario Caldato Jr., yule aliyefanya kazi na Beastie Boys, na ndani yake kuna wapiga tarumbeta wa New Orleans na Ana Tijoux wa Chile. Wa kundi la kwanza wanasema Na Kozonga imekuwa laini, imejaa wageni kama arusi ya tajiri. Kwa upande wa sauti hawajakosea sana. Kin Sonic ina meno zaidi, na ikiwa mtu ana megabaiti za albamu moja tu, achukue hiyo.

Ila jina. Nakozonga, kwa Kilingala, ni nitarudi. Kijana wa Kinshasa anasema neno hilo akiwa Paris ao Los Angeles, na kwake ni hamu ya nyumbani. Mama aliyetoka Salamabila usiku, na mtoto mgongoni na sufuria moja, akiambiwa maana ya jina hilo, hataliweka kwenye mabishano ya albamu. Yeye analisema kila siku, kwa Kibangubangu, na hakuna bendi inayompigia ngoma. Albamu iliyofuata, ya 2025, inaitwa Ekoya, itakuja. Basi.

Hapo ndipo mpinzani wa tatu anaposimama, na huyu ana uso wa huruma. Anasema: watu hawa wanahitaji unga, bâche, dawa ya malaria, mbegu za mpunga. Kuwazungumzia ngoma na albamu ni kuwacheka. Hoja hiyo inapendwa sana kwenye mikutano, sababu inamaliza mazungumzo na msemaji anaonekana mwenye moyo.

Ni hoja ya mtu asiyekaa na wakimbizi. Anayekaa nao anajua kitu kinachowauma baada ya tumbo. Mzee anakufa katika familia iliyompokea, na jamaa yake haiwezi kumlilia inavyopasa, sababu ngoma ilibaki kijijini, ao iliungua, ao mpigaji alikimbilia njia nyingine na hajulikani yuko wapi. Nyumba ni ya mwingine, uwanja ni wa mwingine, mwenye nyumba ana watoto wanaosoma asubuhi. Basi wanalia kimya kimya, siku moja, wanazika. Vijana waliofikia umri wa kufundishwa na wazee, wale ambao wangepelekwa kando ya kijiji kujifunza nyimbo na maneno yake, wanafikia umri huo wakiwa wanabeba mizigo sokoni. Mwaka mmoja unapita, miaka mitano inapita. Mtoto aliyezaliwa Kasongo kwa wazazi wa Kabambare anajua nyimbo zote za Fally kwa Kilingala asichokielewa, na hajui hata mmoja wa bibi yake, anayelala kwenye mkeka ule ule. Unga utakuja ao hautakuja. Bibi akifa, wimbo hautakuja kwa lori la shirika lolote.

Na tuseme wazi, kutenganisha tumbo na ngoma ni mawazo ya ofisini. Huko vijijini mpunga unapandwa kwa wimbo, unatwangwa kwa wimbo. Mwanamke anayetwanga kwa watu ili apate chakula cha jioni anaimba akitwanga, na mwenye nyumba, ambaye pengine ni Mzimba, anasikia lugha isiyo yake nyuma ya jiko lake kila jioni. Kwenye nyumba kadhaa wenye nyumba wameanza kuitikia. Hiyo ni albamu ya kuchanganya, haina fundi wala mikro, na hakuna aliyeirekodi.

Kwa hiyo kosa la wapenzi wa Jupiter pia lisemwe, wasifikiri wanasifiwa tu. Wanamsifu mtu aliyekaa kwenye matanga ya Kinshasa kusikiliza makabila, na wao wanapita mbele ya matanga ya wakimbizi wakiwa wameziba masikio na ekuta. Wanajua jina la mtoa sauti wa Los Angeles, hawajui jina la mpiga ngoma wa mti anayeuza mkaa nyuma ya shule. Wanabishana kama Kin Sonic ina nguvu kuliko Hotel Univers, lakini gita lililoko kwaya linalala juma zima kwenye sakristia, limefungwa ufunguo. Kama wanaamini wanachokisema, kazi iko mlangoni, na haihitaji visa.

Jean-Bosco Mwenda hakungojea Kinshasa. Kule Katanga alichukua gita kavu, akalipiga kwa vidole viwili kama vile watu wawili wanapiga, akaimba kwa Kiswahili, na Hugh Tracey aliporekodi Masanga mwaka 1952, wapiga gita wa Kenya mpaka Afrika Kusini wakaanza kumuiga. Kiswahili cha Kongo kilikuwa na gita lake kabla Okwess haijazaliwa. Na Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, ambaye jina lake kila mtu wa hapa analielewa na kushtuka kidogo, alipomwita Konono N°1 ndani ya wimbo wake wa Karibu Ya Bintou, alianza na neno la Kiswahili. Lugha hii haijakataa umeme. Wanaoikatalia ni watu.

Yanayoweza kufanywa ni madogo, na ndiyo sababu hayana kisingizio. Redio za mkoa zina saa za usiku ambazo hakuna anayelipia. Saa moja kwa juma inatosha, bila mabanga, bila jina la mkubwa yeyote kutajwa katikati ya wimbo. Simu za siku hizi zinarekodi vizuri kuliko mashine iliyombebea Mwenda sauti. Kijana akienda kwa mama ao kwa mzee, asiende mikono mitupu kama mwenye kudai kodi. Kilo ya mpunga, sabuni, kitu cha heshima, kwanza kabisa ruhusa, na ruhusa ya kweli, sababu kuna nyimbo ambazo si za kila sikio, na mzee akisema huu hapana, basi ni hapana. Mwanzoni mwa kila sauti jina la mwimbaji, la kijiji, la mtu aliyemfundisha, na kazi ya wimbo, ni wa kilio, wa mavuno, wa kubembeleza mtoto. Tarehe. Nakala moja ibaki kwa jamaa yenyewe, kwenye karte ya memwari yao, si kwenye simu ya kijana tu. Wimbo ukipigwa siku moja na bendi, na feza ikapatikana, ijulikane mapema nani anagawana na nani, kabla ya gita kutoka kwenye sakristia. Ugomvi wa bendi za Kinshasa juu ya feza umeua muziki mwingi kuliko kutu.

Halafu ndipo gita liingie. Mpiga ngoma wa mti, mwenye zeze, kijana wa kwaya, yule fundi redio wa sokoni ambaye anaweza kutoa sauti kwenye bafle iliyokufa. Itatoka kelele mwanzoni. Mtu atauliza moja iko wapi, na safari hii atakayeuliza atakuwa kijana wa Kasongo, na atakayemwonyesha, kwa kumgonga begani, ni mama wa Kabambare.

Yule mzee wa pembeni ya soko, batri yake ikishajaa, atasikia kipindi hicho akiwa nyumbani. Kama hakimpendezi, redio yake ina kitufe.